Mbuzi Watatu Wasio na Tai

Ukitaka kumvusha punda kwenye mto uliofurika, shughulika na masikio kwanza. Hayo mengine yatajipanga. Punda hana neno na maji ya miguuni wala ya tumboni, lakini yakimwingia sikioni anaona dunia imekwisha, na anaamua kufa hapo hapo pamoja na wewe uliyemshika. Kwa hivyo kamba unamfunga kichwani, si shingoni. Unamweka ubavuni mwa mashua, si nyuma kwenye injini. Halafu mtu mmoja analala kifudifudi ndani ya mashua, amemkumbatia kidevu kama mchumba, mpaka ng'ambo. Mtu huyo kwa miaka mingi nilikuwa mimi.

Naitwa Ndinda. Nilifanya kazi ofisi ya mifugo mpaka serikali iliponiambia nimezeeka, habari ambayo magoti yangu yalikuwa yameshanipa mapema. Kazi ya mshahara ilikuwa kudunga mbuzi sindano na kubishana na wenyewe. Kazi isiyo na mshahara ndiyo hii mliyojiandikisha juzi kanisani, nyinyi vijana: kwenda kule maji yalikopita, kutoa watu na mifugo, kisha kukaa nao mpaka wapate pa kwenda. Nimewaona mmepewa jaketi za kung'aa na picha mmeshapiga. Vizuri sana. Sasa zivueni kwanza, maana mbuzi wanaziogopa, mkae hapa niwaambie mambo.

Mimi nilifundishwa na Mzee Kyalo, mtu wa ofisi yetu ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila kutukana, Mungu amrehemu. Mara yangu ya kwanza kutoa mbuzi kwenye maji nilimbeba beberu, kwa sababu ndiye mkubwa na ana ndevu, nikadhani wengine watamfuata. Nilihangaika naye, akanikojolea mgongoni, nikamfikisha pakavu. Nikageuka. Kundi lote lilikuwa limesimama pale pale kisiwani likinitazama. Kyalo alikaa chini akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Wewe msichana, hata kwako nyumbani, nani huamua mambo? Si baba yako. Enda ulete yule mama mzee mwenye pembe moja." Nikamleta. Wengine wakaingia majini wenyewe, wakilalamika, lakini walikuja. Na kwa watu, Kyalo alifanya hivyo hivyo: akifika kwenye boma lililozingirwa anamtafuta mama mwenye sauti kubwa kuliko wote, anambeba huyo kwanza. Wengine walikuja mbio, pengine kwa kuogopa kuachwa bila mtu wa kuwaambia la kufanya.

Jambo jingine alilonifundisha: mbuzi aliyetolewa kwenye maji baridi, msugue na gunia mpaka mkono wako uume, kisha mpe maji ya uvuguvugu yenye sukari na chumvi kidogo. Lakini muinue kichwa kwanza. Ukimmiminia akiwa amelala yanaingia mapafuni, na hapo utakuwa umemzamisha kwa mara ya pili. Na ng'ombe aliyekaa na njaa usimpe mahindi makavu ya msaada kwa huruma. Tumbo litamjaa hewa, utamzika na huruma yako.

Zamani kazi hii tuliifanya kwa kupiga kelele. Unasimama ukingoni upande wa Makueni, unamwita mtu wa upande wa Kitui, naye anakujibu, na Mto Athi unakula nusu ya maneno. Siku hizi mna kundi la WhatsApp. Mwaka wa mafuriko makubwa nilikuwa kwenye kundi moja la waokoaji ambalo lilianza asubuhi na picha za maua, likaendelea na maombi, likapita kwenye video ya mtu akianguka harusini, na katikati ya hayo yote kulikuwa na ujumbe mmoja unaosema kuna ng'ombe wamekwama kisiwani. Tuliuona ng'ombe walipokuwa wameshajiokoa wenyewe.

Basi, mwaka ule. Redio ilisema kuna kimbunga huko baharini. Sisi bahari wengi hatujawahi kuiona, na hatukuona inatuhusu. Lakini kimbunga kilipochoka huko kilitutumia mabaki yake. Mvua ilinyesha kama iliyotumwa kulipiza kisasi kwa miaka yote tuliyoiombea. Upepo ukang'oa mabati, mto ukapanda kingo, na bonde zima la chini likawa maji ya rangi ya chai. Pakavu palibaki mahali pamoja tu, shule ya msingi iliyo kilimani upande wetu wa Makueni. Kila aliyeokotwa na mashua, awe wa Makueni au wa Kitui, aliletwa hapo.

Mwenyekiti wa kambi alikuwa Mama Mchungaji. Simsengenyi, ni rafiki yangu, na haya nimemwambia mbele ya uso wake. Ni mwanamke wa kazi. Anaweza kupika ugali wa watu wote wa kambi huku akimkemea shetani kwa mkono mwingine. Lakini ana magonjwa mawili. La kwanza ni kuomba kwa urefu. La pili ni adabu. Siku ya kwanza tu, watu hata hawajakauka, alishagawa madarasa: wanaume darasa la nane, wanawake darasa la tano, na mume na mke, ambao ni mume na mke kweli, darasa la pili pamoja na watoto wao. Alisimama mlangoni mwa darasa la pili akiuliza kila wawili waliokuja kama walifunga ndoa. Sijawahi kusikia uongo mwingi hivyo mahali pamoja. Watu waliozoeana sokoni mwezi uliopita waliapa walifunga ndoa Machakos.

Mtu mmoja tu alikataa kudanganya. Huyo ni Mama Syombua.

Alikuwa mwanamke mkubwa kwa umri, mwembamba, mwenye kifua kinachopiga filimbi akipumua. Alifika na Mzee Mutiso, mtu aliyeishi naye tangu wote wawili wana meno kamili. Nyumba yao ya ukingoni ilikuwa imechukuliwa na mto, wao wameokolewa wakiwa na godoro moja na jogoo. Mama Mchungaji aliwaona akatabasamu, akawapisha mlangoni bila hata kuwauliza. Mama Syombua akasimama.

"Hapana, Mama Mchungaji. Mimi si bibi ya mtu. Mimi sijatolewa ntheo. Nionyeshe darasa ya wanawake."

"Lakini mwaitu, mama yangu, nyinyi mna wajukuu!"

"Wajukuu ni wangu. Ndoa ndiyo sina."

Akachukua blanketi yake, akaenda darasa la tano. Mutiso akabaki na godoro na jogoo. Ni mtu mpole mno, maneno yake huanza kutafutwa mbali, na yanapofika mazungumzo yameshaisha.

Kwa nyinyi mliozaliwa Nairobi na mnaokuja huku Ukambani kwetu kwa ziara tu, ntheo ni mbuzi watatu. Mwanamume anawapeleka nyumbani kwa kina msichana, wanapokelewa, nyama inaliwa na watu wake, na kuanzia hapo msichana huyo ni mke wa mtu. Mengine yote yanaweza kungoja, mahari yanaweza kukokotwa mpaka watoto waote ndevu. Ntheo haingoji. Asiyetolewa hata akizaa ukoo mzima anahesabika bado ni wa kwao, na akifa kwao wanaweza kuja kumdai.

Mutiso hakuwa mkaidi. Alikuwa na bahati mbaya tu na mbuzi. Alipowapata watatu, ukame ukawala. Alipowapata tena, mtoto akalazwa. Mwaka mwingine ilikuwa karo. Na kila mwaka kaka yake Mama Syombua, Mzee Kimanzi wa ng'ambo ya Kitui, alikuwa akivuka mto kiangazi, anakunywa chai ya dada yake, na kabla ya kuondoka anamuuliza Mutiso, "Jirani, zile mbuzi zangu bado zinatembea?" Alimwita jirani. Shemeji hakuwahi kumwita hata siku moja.

Sasa mtaniuliza Kimanzi anaingiaje kwenye mafuriko haya. Anaingia na punda.

Tulimkuta kwenye kichuguu cha ardhi katikati ya maji, upande wake wa Kitui, amekaa na punda wake kama watu wawili wanaosubiri gari. Nikamwambia mzee, ingia mashuani. Akasema punda kwanza. Nikamwambia punda haingii mashuani. Akasema basi hata yeye haingii, maana punda huyo ndiye anayemtekea maji, na kati ya watoto wake wote hakuna anayemsalimia kwa furaha kama huyo. Ningefanya nini? Nikalala kifudifudi. Tukavuka na punda ubavuni, mimi nimeshika kidevu, Kimanzi nyuma yangu akinifundisha kazi yangu.

"Daktari, shika vizuri! Hiyo sikio inaingia maji!"

"Mzee, nikishika vizuri zaidi ya hapa itabidi anioe."

"Basi kuna watu wameoa vibaya zaidi ya hiyo," akasema, na hata mto haukumnyamazisha, akaanza kuniambia habari za dada yake na jirani.

Tulipomfikisha kambini alipelekwa darasa la wanaume. Nafasi iliyokuwa imebaki ilikuwa kando ya Mutiso. Walilala bega kwa bega wiki hizo zote, Kimanzi akikoroma, Mutiso akitazama dari. Asubuhi Mama Syombua aliwaletea chai wote wawili, mmoja kama kaka na mwingine kama mgeni, kisha akarudi kwa wanawake akikohoa.

Nilimpelekea dawa ya kifua siku moja, ile ya watu, si ya ng'ombe, ingawa waliokuwepo walitaka kuona chupa. Nikamuuliza kwa utani kama hamwonei huruma mzee wa watu. Hakucheka.

"Ndinda, mimi naogopa," akaniambia. "Hii kifua si ya kudanganya. Nimechotea ile nyumba maji, nimezalia hapo, mtoto wangu mmoja amelala hapo chini ya mchungwa. Nikifa leo, Kimanzi ananivusha mto kama mzigo, ananizika kwa baba yangu, kwa watu hata sijui majina ya watoto wao. Mimi nataka kulala kwangu. Hiyo tu."

Nikampimia dawa kijikoni, nikakaa naye mpaka akaimeza.

Turudi kwa wanyama, maana huko ndiko mkosi ulikotokea. Kambi ilikuwa na mbuzi, kondoo, kuku na punda kiasi kwamba uwanja wa mpira haukuonekana. Kila asubuhi palikuwa na ugomvi: huyu wangu, huyo si wako. Siku hizo hizo lori likaleta misaada kutoka Nairobi, tukaipokea Malili. Kulikuwa na maharagwe na blanketi, Mungu awabariki, na kulikuwa na vitu ambavyo mtu alitaka tu vitoke kabatini mwake. Viatu vya kisigino. Makoti ya manyoya. Na gunia zima la tai. Za hariri, za mistari, za maua, za watu wa benki. Mama Mchungaji alilitazama gunia hilo akauliza ni nani atavaa tai kwenye matope. Nikamwambia nipe.

Kila familia nikaipa rangi yake, nikawafunga wanyama wake shingoni, fundo legevu lisilokaza. Wenye tai za buluu wa fulani, za mistari wa fulani. Ugomvi ukaisha siku hiyo hiyo. Punda wa Kimanzi alipata ya rangi ya damu ya mzee na vidoa, akaonekana anagombea kiti cha MCA kwenye bunge la kaunti, na kusema kweli angeshinda. Na tukaweka sheria moja, kila mtu akaijua: mnyama mwenye tai ana mwenyewe, asiguswe. Asiye na tai ni wa msaada, wa jikoni. Jikoni alikuwa Musembi, mchinjaji kutoka mji wa Sultan Hamud aliyejitolea na visu vyake, na ambaye alikuwa amepika maharagwe mfululizo mpaka akaanza kuwachukia watu kwa kuyala.

Ndipo kanisa moja la Mbooni likapiga simu. Limechanga mbuzi watatu kwa ajili ya kambi, wako njiani. Kambi nzima ikachangamka. Mama Mchungaji akapanga watoto langoni na nyimbo.

Asubuhi hiyo hiyo Mutiso alikuwa ametoka kimya kimya, akapanda mlima kwenda kwa rafiki yake. Mimi sikujua lolote, nilikuja kuambiwa baadaye, lakini nawaambia sasa msije mkapotea. Kule mlimani Mutiso alikuwa amefuga mbuzi watatu kwa siri, mwaka mzima, bila kumwambia hata Mama Syombua, kwa sababu kila mara alipotangaza mbuzi walikufa. Alikuwa akingoja kiangazi awavushe. Sasa Kimanzi yuko hapa hapa, analala naye bega kwa bega. Akaona, kwa nini asimalize leo? Akawafunga kamba moja, akawashusha, akiyapanga maneno yake njia nzima.

Akafika langoni na mbuzi watatu. Watoto wakaanza kuimba.

Mama Mchungaji alidhani Mutiso amewapokea barabarani wale mbuzi wa Mbooni. Akamshika mikono yote miwili. "Bwana asifiwe! Tufunge macho!"

Na Mutiso akafunga macho. Nyinyi mnacheka. Mtu aliyelelewa kanisani kwetu anaweza kuibiwa suruali wakati wa maombi na asifumbue. Maombi yakaanza na uumbaji. Yakapita Misri, yakagusa ukame, yakawaombea viongozi, wakiwemo wale waliotuletea unga wenye picha zao. Mahali fulani karibu na manabii Musembi alikuja kwa ncha za vidole, akatazama shingo za mbuzi, hakuona tai, akaitoa kamba kwenye kidole cha Mutiso kwa upole, akaondoka nao.

Aliniita niwapime, kwa maana baada ya mafuriko hatuchinji mnyama asiyepimwa. Hiyo andikeni moyoni, kuna magonjwa ya mvua yanayotoka kwenye damu ya mbuzi yakakuua wewe. Nikaangalia macho, fizi, joto. Wazima kabisa. Kilichonishangaza ni kwamba wote watatu walikuwa na meno na walikuwa wanono. Mbuzi wa mchango huwa mmoja kipofu, mmoja bibi kizee, na mmoja anakohoa. Nikasema watu wa Mbooni wameokoka kweli kweli.

Amina ilipofika, Mutiso alikuwa ameshika hewa. Akakimbilia jikoni. Musembi ana mkono mwepesi, ngozi zilikuwa zimeshatandazwa kwenye ua. Mutiso akafungua mdomo. Na pale mbele yake watoto walikuwa wakirukaruka kuzunguka sufuria, wamekula maharagwe mpaka macho yamekuwa maharagwe. Mdomo akaufunga. Akaenda kukaa nyuma ya tangi la maji.

Watu walikula siku hiyo! Kimanzi, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote kambini, alipewa sehemu ya wazee, akaila na mifupa yake. Alipomaliza akaombwa atoe shukrani. Akasimama na mfupa mkononi, mafuta kidevuni.

"Huyu mwenye ametoa hizi mbuzi, mimi sijui jina yake," akasema. "Lakini sisi watu wa ng'ambo tumepokea na mikono mbili. Tumekula, tumeshiba. Nyumba yake isimame. Bibi yake akae kwake, na mtu yeyote asimtoe hapo."

Tukaitikia amina mpaka punda akajibu.

Jua lilipoanza kulegea zikaja boda boda kutoka Mbooni, na mbuzi watatu. Mmoja kipofu, mmoja bibi kizee, mmoja anakohoa. Musembi akatoka jikoni akauliza kwani mbuzi wa mchango ni wangapi. Nikaona mkono wa Mama Mchungaji umeenda mdomoni. Mimi nikaenda moja kwa moja nyuma ya tangi, maana nilikuwa nimemwona Mutiso amekaa huko, hajala. Nilimkuta ameshika kipande cha kamba. Alilia akinieleza, mtu mzima, bila sauti, na nilitamani kumpiga mtu lakini sikujua ni nani.

Nilirudi nikasema mbele ya watu wote, na sikusema kwa upole. Mama Mchungaji alikaa juu ya gunia la maharagwe akaishiwa na maombi. Kisha akainuka, akashika kamba ya wale mbuzi wa Mbooni, akamkabidhi Mutiso. "Mzee, chukua hawa. Nisamehe. Wape shemeji yako."

Kimanzi akasukuma kamba. "Dada yangu haolewi na mbuzi ya msaada. Hawa ni wa watu wa mafuriko. Kesho watu wataniuliza ntheo ya Syombua ilitoka wapi, niseme ilitoka kwa lori?"

"Basi zile zake ulikula," nikamwambia.

"Nilikula mbuzi ya kanisa! Ntheo inaletwa, Daktari. Mtu anasimama, anasema, mimi nimeleta, na sisi tunasema tumepokea. Hii haikuletwa. Ilichukuliwa na mtu wa kisu. Mutiso akipata zingine, alete. Mimi bado niko."

Na hapo ndipo lilipouma, kwa sababu kila mmoja wetu alijua Mutiso hana nyumba, hana shamba lisilo matope, na mwaka wa kupata mbuzi wengine watatu haukuonekana hata kwa mbali. Wala Mama Syombua hakuwa na kifua cha kungoja.

Alikuwa amesimama nyuma ya watu. Akapita katikati yao taratibu, akipiga filimbi yake ya kifua, akafika mbele ya kaka yake.

"Kimanzi. Umekula?"

"Nimekula."

"Zilikuwa tamu?"

Kimanzi akatazama ngozi kwenye ua. "Zilikuwa tamu."

"Nani alizifuga?"

Kimanzi akamtupia Mutiso jicho.

"Si uliuliza zile mbuzi zako kama bado zinatembea? Zimetembea. Zimetoka mlimani na mwenyewe, kwa miguu, zikaingia kwa hii geti. Hiyo ni kuleta. Halafu wewe ulisimama hapo na mfupa ukasema nini? Sema tena."

Kimanzi akafuta mafuta kidevuni. Wakasema watoto. Nyinyi mnajua watoto, walikuwa wamekaa mbele wakimsikiliza. Mmoja akaanza kwa sauti ya Kimanzi kabisa, wengine wakajiunga: tumepokea na mikono mbili, tumekula, tumeshiba, nyumba yake isimame, bibi yake akae kwake, na mtu yeyote asimtoe hapo. Na hata amina wakaitoa.

"Wewe ndiye uliapa," Mama Syombua akasema. "Mimi sikukushika mkono. Sasa nitoe hapo, nione."

Kimanzi alitazama watu, akatazama mfupa ambao bado alikuwa nao, kwa sababu haukuwa umekwisha vizuri. Alianza kucheka polepole, kwa hasira kwanza, halafu kwa kweli, mpaka akashika tumbo lenye ushahidi. Kisha akamgeukia Mutiso.

"Shemeji," akasema, "mbuzi zako zilikuwa na mafuta."

Mutiso alifungua mdomo. Maneno aliyoyapanga mlimani yalikuwa bado njiani. Akaitikia tu kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Mama Mchungaji akaanza kuinua mikono kwa maombi, na sisi sote kwa pamoja tukamwambia ngoja kidogo.

Wale mbuzi wa Mbooni tuliwapa dawa. Anayekohoa alipona. Kipofu akawa kipenzi cha watoto, akavalishwa tai tatu asije akachinjwa na yeyote. Mambo hayo ya mifugo mtayakuta kwa undani mkija na maswali, na mje nayo, maana mvua zinakuja tena na mimi magoti yameshastaafu. Fundo la tai nitawaonyesha. Kidevu cha punda nitawaonyesha. La kufumbua jicho moja wakati wa maombi mtajifunza wenyewe, na msiseme nimewafundisha mimi.

Lakini lile la siku hiyo niliona tu, sikufundishwa. Jua lilikuwa bado lipo, watu wote uwanjani, kila mtu akijifanya ana shughuli na mbuzi wake. Mama Syombua alitoka darasa la tano na blanketi yake begani. Hakuharakisha. Alipita katikati ya uwanja, kati ya kondoo wenye tai na punda wa kaka yake, mbele ya macho ya kambi nzima, akaenda mpaka mlangoni mwa darasa la pili. Mama Mchungaji akampisha.

Akageuka. Mutiso alikuwa bado amesimama nje ya darasa la wanaume, jogoo kwapani, akimtazama kama mtu aliyeona nyumba yake ikirudi juu ya maji.

"Wewe!" akamwita. "Unangoja nani akushike mkono? Leta godoro."